Kutoka wadi hadi ugavana: njia iliyozibwa Nairobi

Enzi za Baraza la Jiji, diwani aliyetamani umeya hakuwa na haja ya kuzunguka mitaa yote ya Nairobi kuomba kura. Madiwani wenzake ndio waliomchagua. George Aladwa ndiye aliyekuwa meya wa mwisho. Mwaka 2013 cheo hicho kikafa, gavana akaanza kuchaguliwa na jiji zima. Tangu hapo wapiga kura wamewachagua Evans Kidero, aliyetoka kuongoza kampuni ya sukari ya Mumias, kisha Mike Sonko na Johnson Sakaja, wote wawili wakitokea Seneti. Hakuna aliyetoka moja kwa moja katika Bunge la Kaunti, ambako wawakilishi wadi walichukua nafasi ya madiwani.

Wanaoona hii ni hasara wana hoja nzito. Ingia ofisi ya mwakilishi wadi asubuhi: mama ameshika barua ya salio la karo, kijana anaulizia leseni ya kibanda, mzee wa mtaa amekuja kusema maji taka yamefurika tena hadi mlangoni mwa zahanati. Aliyesikiliza hayo miaka mitano, akaona pia pesa za maendeleo ya wadi zinavyokwama, analijua jiji kwa undani.

Lakini tusiipambe zamani. Kura ya meya ilikuwa mikononi mwa wachache, na wachache ni rahisi kununuliwa. Wala udiwani si kinga. Ferdinand Waititu alikuwa diwani, akawa naibu meya, akaenda Bungeni, akawania ugavana wa Nairobi mwaka 2013 na kushindwa na Kidero. Alipoupata ugavana wa Kiambu, kaunti jirani, aling'olewa Januari 2020.

Mimi nasimama na kura ya mwananchi. Kinachoniuma ni jinsi tulivyoipotosha kazi ya wadi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamkataza mwakilishi kujiingiza katika utendaji. Kazi yake ni kuwakilisha watu, kutunga sheria na kuisimamia serikali ya kaunti. Sisi tunampima kwa basari, matanga na harambee. Akikesha na wenzake wa kamati wakipekua ripoti ya Mkaguzi Mkuu, nani mtaani atajua? Sifa humwendea aliyelipia jeneza. Basi akitaka kuvuka wadi yake, moja kati ya 85, hana la kumwonyesha mkazi wa Lang'ata wala wa Kasarani. Hapo ndipo anapotafuta mfadhili, na mfadhili huja kudai chake baadaye.

Bunge la Kaunti lina meno. Desemba 2020 lilipiga kura ya kumwondoa Sonko na Seneti ikakubali. Kwa hiyo mwakilishi wadi anayeutaka ugavana 2027 atuletee kumbukumbu za kamati alizokaa: matumizi gani aliyapinga, hoja gani aliiwasilisha, na alipiga kura upande gani bajeti ilipoletwa.