Uwe Mzima, Ewe Mtufaha

Neno wassail ni salamu. Katika Kiingereza cha kale lilimaanisha "uwe mzima". Mtu aliinua bakuli la pombe ya moto, akamtakia mwenzake uzima, kisha bakuli likazunguka. Kinachonivuta zaidi ni kwamba wakulima wa magharibi mwa Uingereza hawakuishia kusalimiana wao kwa wao. Waliusalimu na mti.

Kijijini Carhampton, Somerset, salamu hiyo hutolewa hadi leo, kila tarehe 17 Januari. Giza likishaingia, watu huuzunguka mtufaha mzee, wakamimina pombe ya matufaha shinani, wakapachika kwenye panda ya tawi kipande cha mkate wa kuchoma kilicholowa pombe hiyohiyo. Mkate huo ni wa robin, ndege mdogo wa kifua chekundu anayehesabiwa kuwa roho njema ya shamba. Pombe ikiwa bado inachuruzika kwenye gome, bunduki hulia kupitia matawini, masufuria yakagongwa, watu wakapiga mayowe ili pepo wabaya wakimbie na mti uamke uzae.

Kwa nini tarehe 17? Mwaka 1752 Uingereza ilibadili kalenda, siku 11 zikafutwa. Wakulima wakaendelea kuuhesabu usiku wa kumi na mbili baada ya Krismasi kama walivyowakuta wazee wao, na kwa kalenda mpya usiku huo ukaangukia tarehe 17. Msimamo huo naupenda sana.

Desturi yenyewe ni kongwe: huko Fordwich, Kent, kumbukumbu za 1585 zinataja vijana waliopita mashamba kwa mashamba kuifanya, nao wakapewa chochote. Baadaye ilififia sehemu nyingi. Sasa imerudi, hata mijini, na wapo wanaoiona ni maigizo ya watu waliojipaka rangi usoni. Siafikiani nao hata kidogo. Mwaka 2022 shirika la uhifadhi la National Trust lilikadiria kuwa Uingereza na Wales zimepoteza asilimia 81 ya mashamba ya matunda ya jadi tangu 1900. Miti iling'olewa, nyumba zikajengwa. Mtaa unaokusanyika usiku wa baridi kuuimbia mtufaha, mara nyingi ndio uliolipanda au kuliokoa shamba hilo. Wanaopiga sufuria Januari ndio watakaokuja na mikasi kupogoa.

Nina ombi moja kwao: wakimaliza kwa mti mzee, wausogelee na mche wa mwaka jana, waupe mkate wake, hata kama tawi lake bado halimudu uzito wa ndege.