Mozeta mmeiona, Utangulizi je?

Zaidi ya mwaka mzima tunabishania kitambaa! Papa Leo XIV alitokea roshanini 8 Mei 2025 na mozeta nyekundu, kile kikoti kifupi cha mabegani, basi wengine wakashangilia kwamba jadi imerudi, wengine wakaona mtangulizi wake, Papa Fransisko, kasalitiwa, kwa kuwa yeye 2013 alitoka na kanzu nyeupe, stola, ule mshipi wa shingoni wa padre, akaivaa kwa baraka tu. Jamani, mozeta si vazi la Misa. Hakuna anayeadhimisha Ekaristi nayo.

Siku tatu baadaye Leo aliimba Malkia wa Mbingu, sala ya Bikira Maria, kwa Kilatini, na katika Misa zake huimba sehemu za padre. Jadi yenyewe ndiyo hiyo.

Musicam Sacram, hati ya Vatikano ya 1967 kuhusu muziki wa ibada, inapanga nyimbo za Misa katika ngazi tatu. Ya kwanza ni mambo ya padre na waamini: salamu, sala ya mwanzo, Utangulizi (sala ya shukrani kabla ya Mtakatifu) na mjibizano wake unaoufungua, Mtakatifu, Baba Yetu, kuagana. Ya pili ina Bwana Utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mwanakondoo. Nyimbo za mwanzo, matoleo na komunyo ziko ya tatu. Ngazi ya kwanza yaweza kuimbwa peke yake. Ya pili na ya tatu haziimbwi bila hiyo.

Sisi tumeanzia juu ya paa, ngazi ya tatu. Kwaya ya sauti nne inamalizia ubeti wa sita wa matoleo, foleni ya sadaka iliisha zamani, kisha padre anasoma "Inueni mioyo" ya mjibizano kama tangazo la ndoa.

Akijaribu kuimba, kinanda humpa noti ileile ya juu ya wimbo uliokwisha, na katikati ya Utangulizi sauti inakatika. Mwalimu wa kwaya ampe noti ya chini, karibu na sauti anayoongelea. Waanze na mjibizano peke yake hadi waamini wauzoee, ndipo waongeze Utangulizi mzima. Na kinanda kinyamaze: Mwongozo Mkuu wa Misale, namba 32, unataka ala zikae kimya padre anaposali. Wapiga vinanda wetu huona kimya ni dhambi ya mauti.

Haya, Fransisko alikatwa sehemu ya pafu ujanani, simlaumu kwa kutoimba. Kilatini nacho si lazima. Ila padre mwenye mapafu mazima, anayeimba vizuri kabisa kwenye harambee ya kigango, anasubiri nini?