Tulipeleka vitabu, tukapewa rambirambi

Gari letu la maktaba tulilipata kwa bei ya kutupa. Hiace nyeupe, injini nzima, tairi bado zina meno, bodi haina kutu, na mwenyewe ana haraka ya kuuza. Ukiona hivo ujue kuna jambo. Jambo lenyewe ni kwamba lile gari lilikuwa linasafirisha misiba kutoka Dar kwenda mikoani, miaka na miaka, sasa jamaa kachoka anataka kuhamia kwenye kufuga kuku. Kamati yetu ikakaa, ikahesabu hela iliyopo, ikauliza bei ya Hiace ya kawaida, ikanyamaza kidogo, mwisho mweka hazina akasema gari ni gari jamani, hao abiria wa nyuma hawajawahi kulalamika. Likapita kwa kauli moja.

Na kwa kazi ya maktaba lilitufaa kweli. Siti za nyuma zilishang'olewa zamani, katikati kuna reli mbili zenye vigurudumu za kusukumia jeneza, pembeni benchi refu la wafiwa. Watu hawajui kitabu kilivyo kizito, boksi moja tu ulibebe vibaya kiuno kitakukumbusha wiki nzima, kwa hiyo zile reli tuliziona ni neema. Tukaita fundi seremala atutengenezee sanduku la mbao la kukaa juu yake, ndani lina vyumba vya kupanga vitabu, pembeni vishikio, juu mfuniko. Fundi akachukua vipimo vya reli. Sasa reli zilitengenezwa kwa kipimo cha nini? Basi sanduku likatoka urefu uleule, upana uleule. Na kwa vile vumbi la huku likishaingia kwenye kurasa halitoki tena, tukalifunika shuka. Jeupe.

Hapo bado sijamtaja dereva. Suka alikuja na gari, maana alikuwa analiendesha tangu enzi zile na anajua magonjwa yake yote. Dereva mzuri sana, ila kazi ilishamwingia mwilini. Hazidi spidi arobaini. Hapigi honi. Akiingia tu kijijini anawasha hazadi. Akisimama anashuka taratibu, anafungua mlango wa nyuma kwa mikono miwili, afu anarudi hatua moja, anafumbata mikono mbele, anainamisha kichwa. Tulimsema sana, anasema sawa nimeelewa, kesho yake vilevile.

Halafu kuna kioo cha nyuma. Kilikuwa na stika ya herufi kubwa, BWANA ALITOA juu, NA BWANA AMETWAA chini. Tukabandua ya chini, ya juu tukaiacha kwa sababu vitabu vyetu karibu vyote ni vya msaada, tukaona inaendana. Stika ilitoka ila gundi ikabaki, haionekani kwa macho, lakini ukishapita kilomita kadhaa za udongo mwekundu vumbi linanasa kwenye gundi tu, herufi moja moja, hadi unafika mwisho wa safari maneno yote yamerudi, safari hii kwa rangi nyekundu.

Kule Garissa, Kenya, wenzetu walianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia, boksi huku boksi huku, na ngamia awe na tabia mbaya kiasi gani hakuna mtu atakayemwona anakuja akajishika kichwa akaanza kulia.

Sasa bwana, siku hiyo tunaenda kijiji kimoja ndanindani huko Muheza, michungwa kushoto michungwa kulia. Barua ya kuomba nafasi ilishatangulia kwa mwenyekiti wa kijiji, ila mwenyekiti alikuwa kwenye semina wilayani na barua ilikuwa naye mfukoni, kwa hiyo pale kijijini hakuna aliyekuwa na habari na sisi. Tukamuuliza kijana wa bodaboda wapi tunaweza kupaki penye kivuli na nafasi ya watu kukaa, akatuonyesha mwembe mkubwa, nenda mpaka pale kwa mzee fulani. Akatuangalia, akaangalia gari, akavua kofia. Nikasema moyoni huku vijana wana adabu.

Ambacho hatukujua ni kwamba huyo mzee mwenye mwembe alikuwa kalazwa Tanga mjini na ngiri, kijana wake mkubwa ndo anamuuguza, na simu ya kijana tangu jana usiku haipatikani.

Tukaingia uwanjani taratibu, hazadi zinawaka, suka akageuza gari akarudi kinyumenyume mpaka chini ya mwembe, kwa hiyo kitu cha kwanza wenye nyumba walichokiona ni kile kioo. Bibi mmoja alikuwa anapepeta mchele barazani. Akasimama na ungo wake mkononi. Mi nikashuka na daftari, nikamkuta palepale.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Poleni na safari."

"Tumeshapoa. Bibi, tumeleta mzigo."

"Mzigo gani?"

"Huu humu ndani. Ila ni mzito, tunaomba vijana wanne wenye nguvu watusaidie kushusha, na tuuweke hapa kivulini harakaharaka, maana ukipigwa na jua unaharibika."

Na mi nilikuwa naongelea magamba ya vitabu, yale ya plastiki, yakikaa juani yanajikunja. Bibi hakujibu. Akaangalia nyuma yangu. Suka alikuwa keshafungua mlango, kavuta sanduku nusu, shuka jeupe linapepea, kafumbata mikono, kainamisha kichwa.

Ungo ukaenda chini na mchele wote.

Jamani mi kilio nimekisikia sehemu nyingi lakini kile, aisee, kile kilianzia tumboni. "Baba Eliiii umeniachaaaa!" Kufumba na kufumbua wanawake wanatokea kila upande, wengine wanajitupa chini, kuna mmoja kanikumbatia mimi, ananililia begani, ananiambia pole mwanangu, na mi kwa kuwa nimelelewa vizuri nikajibu ahsante mama, poleni na nyie. Yaani kwa dakika nzima nilidhani kuna msiba tumeukuta. Nikamgeukia suka nikamnong'oneza, tumefika vibaya, hawa watu wamefiwa. Suka akasema najua, nimeona, tushushe tu kwanza.

Kijana mmoja kakimbilia kanisani kugonga kengele. Kengele yenyewe ni ringi la lori limening'inizwa kwenye mti, linagongwa kwa nondo, na kwa msiba linagongwa polepole, ngo... ngo... ngo, kijiji kizima kinajua maana yake. Watu wakaacha majembe. Turubai sijui lilitoka wapi, nilipogeuka limeshasimama. Mafiga matatu, sufuria la shughuli, kuni, mtu anachinja mbuzi, yote hayo mi bado nimebebeshwa yule mama begani. Wazee sita wakaja wakabeba sanduku, hawakukubali vijana wabebe, wakaliweka juu ya meza mbili chini ya mwembe, mmoja wao akasema huyu jamaa kanenepa hospitali.

Hapo ndo nikaelewa. Jasho likanitoka mpaka kwenye visigino.

Nikapanda kwenye benchi nikapaza sauti, ndugu zangu, samahani, humu hamna mtu, sisi ni maktaba! Nani anasikia? Wanaonisikia wanadhani nimechanganyikiwa kwa uchungu, wakanishusha wakanipa maji na kiti. Nikaona isiwe tabu, nikaenda kwenye sanduku nikashika mfuniko. Mzee mmoja akanishika mkono, kijana, hapa hapafunguliwi mbele ya watoto. Nikasema mzee niache. Nikafungua.

Kimya. Wazee wakasogea wakachungulia. Juu kabisa kulikuwa na vile vitabu vya msaada kutoka nje, kimoja cha jinsi ya kuendesha gari kwenye barafu, kingine cha kodi za Marekani (msiniulize, tunapewa tu), chini yake ndo hadithi za watoto na vya kilimo. Mzee mmoja akakinyanyua cha barafu, akakigeuzageuza, akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa, hivi ni vitu vyake. Mwenyewe mmemwacha wapi?"

Na mwingine nyuma: "Kumbe alikuwa anasoma Kizungu huyu? Miaka yote anatuficha?"

Nikaeleza upya, safari hii wakanisikia, na sijui nini kibaya zaidi, kulia au ule ukimya uliofuata. Bibi akaacha kulia, akaniangalia. Mi naomba mtu yeyote asije akaangaliwa vile. Suka alishaingia ndani ya gari na kufunga vioo.

Kilichotuokoa ni bodaboda. Ikaja imepakia mtu nyuma, ana mfuko wa rambo una shuka na chupa ya chai, kashika tumbo kwa mkono mmoja. Ni mzee mwenyewe. Kapewa ruhusa asubuhi, simu ya kijana wake haina chaji, kijana kabaki mjini kufuatilia mambo ya malipo, yeye kaona aanze safari. Njia nzima anasikia kengele anajiuliza nani tena. Wanawake waliokuwa karibu na njia walivyomwona walitimka, mmoja alipita katikati ya turubai na nguzo moja akaondoka nayo. Mzee akashuka, akalipa boda, akaja mpaka kwa mkewe, akampa mkono.

"Pole mke wangu. Kafa nani?"

Bibi mdomo wazi. Hakuna anayejibu. Mjukuu mmoja wa kama miaka mitano ndo akasema, "Wewe babu."

Sasa nyie mnadhani ndo imeisha. Lile daftari langu bado lilikuwa mezani. Ni daftari la kusajili wasomaji, nilishalipigia mistari nyumbani, Namba, Jina, Kitongoji, na safu ya mwisho ya kichwa cha kitabu nilikuwa sijaiandika kitu. Kila kijiji kina yule bwana ambaye kwenye msiba wowote anakaa mezani na kalamu bila kutumwa. Naye alikaa. Kurasa na kurasa: jina, kitongoji, 2,000. Jina, kitongoji, 5,000. Jina, kitongoji, mahindi debe moja. Jina, kitongoji, kuku jike. Hela ziko kwenye sahani, zimefunikwa kitambaa.

Mzee akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kusoma. Polepole, kwa kidole. Watu wote wamesimama kama wanasubiri matokeo ya darasa la saba. "Huyu elfu kumi, Mungu ambariki, sikujua kama ananipenda hivi." Akageuza. "Huyu elfu mbili, sawa, ana wanafunzi." Akanyamaza. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. "Na huyu ndo mia tano? Mia tano? Mimi niliyempa mbegu za michungwa bure?" Mwenye mia tano alikuwepo, akasema mzee nilikuwa nakuja kuongezea, mzee akasema ongezea sasa hivi niko hapa. Akaongezea.

Mi nikajitia kimbelembele nikasema basi turudishe hela za watu, mzee akaniangalia juu ya miwani. Akasema hela za nani? Si zimeandikwa ni zangu? Mbuzi keshachinjwa, wali uko jikoni, ngiri inauma, na nikifa kweli hawa watasema walishatoa, kwa hiyo nachukua sasa kabisa. Kikatokea kibishano kidogo, mchungaji na shehe wakaitwa pembeni wakashauriana, nadhani mpaka leo hawajafikia uamuzi. Sahani ikaingia ndani.

Tukala. Na kwa kuwa kijiji kizima kilikuwepo na hakuna aliyekuwa na sababu ya kurudi shamba jua lile, sanduku lilimalizika. Wanafunzi walibeba vya mitihani iliyopita, kinamama hadithi za watoto na kitabu cha ushonaji, hata kile cha barafu kiliondoka. Sisi siku za kawaida tunabembeleza watu na kipaza sauti wanakuja wanane. Mzee ndo alikuwa msomaji namba moja, akachukua cha matunda, namba 634 ile tunayoipa vitabu vya matunda maktaba, chenye sura ndefu ya machungwa na ndimu, akaniuliza muda wake ni siku ngapi, nikamwambia wiki mbili.

Kurudi tu tukapaka gari manjano, na matunda pembeni, na kioo cha nyuma tukakisugua kwa petroli. Nilikuja kusoma kuwa hata Marekani yaliwakuta: 1905 huko Hagerstown, Maryland, mkutubi Mary Titcomb alitoa gari la farasi la kupeleka vitabu mashambani, halina rangi yoyote ya kuchangamka, mkulima mmoja kuliona akapiga kelele lisisimame kwake, yeye hana shida na gari la maiti. Wakapaka magurudumu na milango nyekundu. 1910 treni ikaja ikaligonga likaisha. Sisi reli ya Tanga inapita palepale Muheza, kwa hiyo hapo siapi.

Cha mzee kimechelewa sana. Mi nilienda mwenyewe, nikamkuta barazani, ngiri imepona, kitabu kiko magotini, kakunja kona za kurasa mpaka inauma. Nikamwambia mzee, kitabu kinadaiwa.

Akaniuliza, siku ile ya msiba wangu si kilisomwa kile kitangazo, kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze mbele ya familia?

Nikasema sikumbuki mzee, labda kilisomwa.

"Ulijitokeza?"

Nikasema hapana.

Akageuza ukurasa.