Sikuuza Pua

Kwanza kabisa, mzee yule hakununua pua. Naomba hilo lieleweke, maana rafiki yangu wa kufa na kuzikana ameshaandika huko kwake kwamba nimeuza pua ya picha niliyoichora kwa bei ya uso mzima, na tangu asubuhi watu wananiuliza sikio linakwenda kwa ngapi. Video aliyoiweka inaanzia mahali pabaya na inaishia mahali pabaya zaidi. Haya, kaeni niwape yote.

Siku ya studio wazi, yaani siku mchoraji anapowafungulia watu mlango waje kutazama na kununua picha, ina maandalizi yake, na mimi maandalizi niliyafanya, tena kwa mbwembwe. Picha zote nilizitundika katikati yake ikiwa kati ya sentimita 145 na 150 kutoka sakafuni, ili mtu mzima akisimama macho yake yatue palepale bila kuinua kidevu. Taa nikaziinamisha nyuzi 30 hivi, kwa sababu ukiipiga picha taa usoni vanishi inang'aa na mgeni haoni kazi yako, anajiona mwenyewe akishangaa. Vitambaa vya kufutia brashi nikavitia kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko. Hilo msilifanyie mzaha: mafuta ya kitani yanapokauka yanatoa joto, na vitambaa vilivyolowa ukivirundika pembeni vinaweza kujiwasha moto vyenyewe. Mtungi wa kuzimia moto ukaning'inia karibu na mlango. Orodha ya bei ikapigwa chapa, kila picha na namba yake, ili asiwepo mtu wa kunivuta kando na kuninong'oneza "hii shilingi ngapi" kama tunauziana magendo. Kitabu cha wageni na kalamu mbili, moja ya kuibiwa.

Na stika. Vile vidoti vyekundu vya milimita 8, karatasi nzima. Kwa msiojua: kidoti chekundu maana yake picha imeuzwa, kwaheri, usiisumbue. Ukikata kidoti nusu, imewekewa ahadi, mtu kaenda kutafuta hela. Na kidoti kinabandikwa kwenye kile kikaratasi cha jina kilicho pembeni ya picha. Pembeni. Narudia kwa faida ya mtoto mmoja ambaye hajui kusoma bado: pembeni.

Sasa hapa kuna ujanja wa biashara ambao sikupaswa kuusema hadharani, lakini aibu yangu imeshazunguka mji, acha nao uzunguke. Hakuna mtu anayependa kuwa wa kwanza kununua. Mgeni akiingia akakuta ukuta mzima haujaguswa anaanza kujiuliza wenzake wameona kasoro gani. Kwa hiyo kabla milango haijafunguliwa unabandika kidoti kimoja kwenye picha ambayo hata usipoiuza huumii. Mimi nilikibandika kwenye picha ndogo ya birika. Birika lile halijaulizwa bei na kiumbe yeyote tangu nilichore. Msinitazame hivyo, na nyie mnaweka bei iliyokatwa kwa kalamu nyekundu kwenye nguo ambazo hazijawahi kuuzwa kwa bei ile.

Nilipogeuka, nyuma yangu kasimama mtoto wa miaka mitano hivi, mtoto wa jirani aliyenisaidia kubeba viti.

"Anko, hiyo ya nini?"

Ningemwambia ukweli? Mama yake yupo hapo, wageni wa kwanza wanavua viatu vya mvua mlangoni. Nikamwambia, "Hii tunawawekea picha nzuri."

Akaangalia birika. Akaniangalia mimi. Akaangalia tena birika, kwa muda mrefu. Nilijua hatujakubaliana, lakini sikudhani kwamba angechukua hatua. Nikaiweka karatasi ya stika mezani kando ya kitabu cha wageni, urefu wa meza sentimita 70, yaani kimo cha mkono wake hasa, nikaenda chumba cha nyuma.

Huko nyuma nilikuwa namfungia dada mmoja picha ya akriliki, mauzo ya kwanza ya kweli, na kufunga akriliki si kazi ya kuharakisha. Rangi ile inakauka upesi kwa sababu maji yanapotea, lakini hata ikikauka inabaki plastiki. Ikipata joto inalainika. Ukiifunga moja kwa moja na ile nailoni ya mapovu, ikikaa ndani ya gari juani, mteja atafungua na kukuta picha ina mapovu mamia yaliyopangwa kwa mistari. Inatangulia karatasi laini isiyoshika, ndipo nailoni ije juu yake, tena mapovu yakitazama nje. Pembe unaziwekea vipande vya kadibodi. Nilikuwa kwenye pembe ya tatu niliposikia makofi.

Makofi, jamani. Sebuleni. Nikatoka na gundi ya karatasi mkononi.

"Hongera!" akasema baba mmoja, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Hata saa haijaisha!"

Nikasema asante. Ndiyo, nilisema asante, sikatai. Mtu akikupongeza siku uliyolala kwa saa tatu tu unasema asante kwanza, sababu utaitafuta baadaye. Mama mwingine akaniambia amesikitika kuchelewa ila amefurahi kwa ajili yangu. Rafiki yangu, simu juu, anatangaza kwa wafuasi wake kwamba kaka yenu kamaliza mzigo wote. Nami nikatabasamu kwenye kamera, nikaweka mkono kifuani. Mkono kifuani!

Huku watu wanatoka. Wanaaga vizuri, wananiombea heri, wanatoka. Mbona hakuna aliyeniletea pesa?

Ndipo nikaangalia ukuta.

Kila picha ina kidoti. Si pembeni. Kwenye picha yenyewe. Ng'ombe kidoti kwenye pembe, jahazi kidoti kwenye tanga, mwanamke aliyelala kidoti mahali ambapo sitapataja na ambapo mama wa mtoto alishapaona na kujifunika uso. Kioo cha ukutani kimeuzwa. Mtungi wa kuzimia moto umeuzwa. Mlango wa choo nao, na kulikuwa na mgeni amesimama nje yake akisita, hajui kama anaruhusiwa kutumia mali ya mtu. Picha pekee ambayo kidoti chake kilikuwa kimebanduliwa ni birika.

Mnaweza kucheka. Mimi wakati huo nilikuwa bado naona ni jambo la kurekebishika. Picha nyingi zilikuwa kavu kabisa, zingine zina vanishi ya zamani, na stika zile ni za gundi nyepesi. Ukikunja ukingo wa stika ukaurudisha nyuma ukilala juu ya mgongo wake, ukavuta polepole sambamba na picha, inatoka haina neno. Nikaanza na jahazi. Ikatoka. Ng'ombe, ikatoka. Nikapata moyo. Nikawa natangaza kwa sauti, "Haijauzwa hii! Hii nayo haijauzwa!", mtu mzima, naruka toka picha hadi picha nikijipunguzia heshima kwa furaha kuu.

Mzee mmoja wa kofia alikuwa hajaondoka. Alikuwa amesimama mbele ya picha kubwa ya bibi anayetazama mvua, mikono nyuma, muda mrefu. Hao ndio wanunuzi, nawaambieni. Anayesema "wow" hanunui. Anayenyamaza na kusogea karibu kisha akarudi nyuma, kisha akasogea tena, huyo anapima ukuta wa kwake.

"Kijana," akasema, "na hii imekwenda?"

Kidoti kilikuwa kwenye ncha ya pua.

"Haijaenda, mzee wangu! Ni mtoto tu. Subiri nikuondolee."

Sasa hapa inabidi nisimamishe hadithi niwaeleze pua.

Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji, haina maji. Mafuta yanavuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka kuwa kitu kigumu, na kazi hiyo inaanzia juu kwenda chini. Tabaka jembamba linashikika baada ya siku chache hadi wiki mbili. Tabaka nene linafanya utando juu, kama maziwa yaliyopoa, na chini yake rangi inabaki laini kwa miezi. Tena rangi hazilingani. Amba, ile ya kahawia, ina madini ya manganizi ndani yake na inakauka haraka. Nyeupe ya titani ni mvivu, nyekundu ya kadimiamu ni mvivu, na ukizichanganya zote mbili umepata wavivu wawili. Ndiyo maana kwa vanishi ya kawaida tunasubiri miezi 6 hadi 12 kabla ya kuipaka.

Mandharinyuma ya bibi yote ni amba, jembamba, kavu kama jiwe. Mtoto angebandika kidoti popote pale nyuma, ningekitoa nikipiga mluzi. Shali ni nyembamba. Paji la uso ni jembamba. Katika picha nzima, mita moja kwa sentimita 80, kuna mahali pamoja tu nilipoweka nyeupe ya titani na kadimiamu nyekundu kwa kisu, unene wa milimita 4, ili mwanga wa dirisha upadonoe. Pua. Wiki chache tu zilizopita. Naisifia pua ile kwa kila mtu.

Na sikuvuta sambamba. Nilikuwa na haraka, mzee ananitazama, rafiki yangu kasogeza simu. Nikaingiza ukucha chini ya stika, nikavuta kuja kwangu, moja kwa moja.

Ikagoma kidogo.

Hapo mtu mwenye akili anaacha. Stika ikigoma juu ya rangi mbichi unaiacha ilivyo, unaongea na mteja habari za hali ya hewa, unasubiri hata miezi. Mimi niliongeza nguvu.

Ngozi ya pua ikainuka. Niliiona ikiinuka, ikafanya kihema kidogo, na mwanga wa taa yangu ya nyuzi 30 ukaingia chini yake vizuri kabisa. Nikafikiri: ukirudisha sasa hivi itakaa. Nikarudisha. Haikukaa, ila sasa imekunjika, na bibi ana pua ya mtu aliyepigana. Nikabonyeza kwa kidole gumba kuinyoosha. Kidole kikazama. Nilipokitoa, kikatoka na tundu moja la pua. Stika nayo, ambayo mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado umeishika, ikachagua dakika hiyo kuachia mshiko wake wa mwisho, na ncha yote ikaja, nzima, ikinyoosha uzi mwembamba wa rangi ya waridi kati yangu na bibi. Uzi ukarefuka. Ukarefuka. Hakuna aliyepumua. Ukakatika, ukalala kwenye mdomo wake.

Mtoto akasema, kwa sauti ya kitaalamu, "Anko umeiharibu. Ilikuwa ndiyo nzuri kuliko zote."

Hapo ndipo video inapoanza.

Yaliyobaki ni ya haraka. Mama wa mtoto aliomba radhi, nami nikamwomba radhi kwa kumdanganya mwanawe. Mzee alivua kofia, akasogea, akaniuliza kama pua inarudishika. Nikamwambia inarudishika: nitakwangua ile laini yote kwa kisu hadi nifike kwenye tabaka lililoshika, nitaacha pakauke, kisha nitajenga upya kidogo kidogo, safari hii matabaka membamba, kila la juu likiwa na mafuta zaidi kuliko la chini yake ili lisipasuke. Na kule chini nitaanzia na amba, si na wale wavivu. Akasema sawa, ila irudi pua ileile, kwa sababu alikuwa anaitazama hiyo. Akatoa nusu ya bei, nikamwandikia risiti, akaondoka. Ahadi ndiyo hiyo. Bibi sasa ana nusu doti, pembeni, kwenye kikaratasi, nimeikata kwa mkasi mwenyewe.

Stika yenye pua ninayo. Nimeilaza juu ya kioo cha kuchanganyia rangi, mgongo chini, na kwa kweli inanisaidia: matabaka yote yanaonekana kuanzia la ndani, naweza kulinganisha waridi na waridi. Tangu video isambae kuna watu wanne wananiandikia wanataka kuinunua hiyo hiyo, mmoja kwa bei inayozidi ya birika. Ningependa sana kuwasaidia, lakini igeuzeni muione upande wa pili. Ina doti nyekundu. Imeshauzwa.