Boksi Limekuja Mikono Mitupu

Jamani, msikilizeni mwenzenu nilivyotapeliwa na boksi. Si mtu, boksi. La karatasi, hata robo kilo halifiki, limekaa dukani limetulia kama sharifu. Mbele lina picha: bakuli la gumbo, ile supu nzito ya Louisiana, linafuka moshi, kamba wanene wamejikunja, mapande ya kuku, soseji, na mchuzi wa kahawia wa kumtoa mtu mate. Dola 3. Tena kulikuwa na ofa, chukua mawili la tatu bure. Mtu wa Tanga nimesikia bure, nikabeba matatu.

Naishi Lafayette, Louisiana, huku Marekani, mwaka wa sita huu. Hapa hewa ikipoa kidogo tu, nyuzi 15, watu wanatoa makoti na kutangaziana kwamba leo ni hali ya hewa ya gumbo. Nyuzi 15! Lushoto watu wanakwenda shambani na baridi hiyo. Lakini ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Mke wangu alikuwa zamu ya usiku, nikasema leo watoto watakula chakula cha mji wao.

Nikaligeuza boksi nisome maelekezo. Maji, vikombe 6. Sawa, maji ninayo. Kuku, soseji au kamba, ratili moja. Ala! Na wale wa kwenye picha? Nikalitikisa, likalia kama kayamba. Nikalipasua: kimfuko kimoja, ndani mna mchele, unga, chumvi, na vitunguu vilivyokaushwa vikawa kama vumbi la randa. Basi. Kumbe pembeni ya picha kuna maandishi membamba kama miguu ya sisimizi, yanasema hili ni pendekezo tu la kupakua. Pendekezo! Ni kama kualikwa pilau, ukifika mlangoni unaambiwa mchele, nyama, mkaa na sufuria uje navyo wewe, mwenye shughuli atatoa bizari.

Nikarudi dukani. Kisa cha soseji peke yake kinatosha kumtoa mtu machozi. Gumbo la huku linataka soseji iitwayo andouille, na hiyo ni nguruwe kuanzia masikio hadi mkia. Nikasimama kwenye friji nasoma pakiti mojamoja kama msimamizi wa mtihani. Nikapata ya kuku, nikasema alhamdulillahi, kusoma chini: ngozi yake ya nje ni utumbo wa nguruwe. Yaani kuku kavishwa kanzu ya jirani! Ikabidi nivuke mji mzima hadi duka la halali, nikapata ya ng'ombe, na kuku nikamchukulia hukohuko. Kamba je? Kamba nao. Halafu vitunguu, pilipili hoho na seleri, maana wenyewe wanasema bila hivyo vitatu hakuna gumbo, na wanaviita Utatu Mtakatifu. Hilo sikumwambia ustadhi wangu. Jumla dola 38, petroli sijahesabu.

Na bamia, jamani! Neno gumbo lenyewe, wajuzi wanasema lilivuka bahari na watu waliouzwa utumwani, na katika lugha za upande wa Angola bamia ni kingombo. Mmeisikia hiyo KI ya mbele? Ngeli ya KI-VI! Huyu ni ndugu yetu kabisa, kapotelea ughaibuni akaangusha kiambishi njiani. Sasa boksi zima linaitwa bamia, bamia ndani haimo hata mbegu. Nikanunua na bamia.

Jioni bibi jirani akaniona uani na boksi. Mama wa makamo ya kuheshimika, ananiita "sha", ndivyo wanavyolitamka neno la Kifaransa la kumwita mpendwa, na siku ya kwanza mke wangu alipolisikia alininunia hadi Ijumaa. Akalishika lile boksi kwa vidole viwili kama mkia wa panya. "Sha," akasema, "gumbo linaanza na ru." Ru ni unga wa ngano na mafuta, kiasi sawa kwa sawa, unakoroga juu ya moto mdogo hadi upate rangi ya chokoleti. Dakika 45. Chooni huendi, mlango hufungui, chafya unaimeza.

Nikasema nilishakoroga ugali wa msiba, hii nini? Saa tatu usiku nikaanza. Kwanza ikawa rangi ya mchanga wa Raskazone. Nikakoroga. Ikawa siagi ya karanga, na harufu yake tamu kweli, nisiseme uongo. Bega linaniuma, lakini chokoleti naiona kwa mbali. Hapo simu ikaita. Mjomba, Tanga. Kule ni alfajiri, na mjomba wangu akitoka tu msikitini ndipo anapokumbuka mabati.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba! Hujambo? Mkeo? Watoto? Na huko baridi?"

Salamu za Kitanga hazikatwi katikati. Alipofika kwenye bei ya mabati, ru ilishapita chokoleti, ikapita kahawa, ikafika lami. Ving'ora vya moshi vikalia nyumba nzima, watoto wamesimama kwenye korido na mito yao. Mjomba akauliza, "Hiyo ambulensi imemfuata nani?"

Ru nikaitupa. Nikalirudia boksi kwa adabu, nikalimwagia maji. Kabla ya hapo nilikaanga vitunguu, na mkono wa Mswahili ukishakaanga kitunguu unakwenda wenyewe kwenye nyanya. Bibi jirani, aliyekuja mbio kwa sababu ya king'ora, akachungulia sufuria akashika kiuno. "Nyanya? Hayo mambo ya New Orleans!" Alivyoutaja ule mji, ungedhani wana kesi ya shamba.

Kosa langu la mwisho ni mchele. Ule wa kwenye kimfuko niliuona haba, watu watano hautoshi, nikaongeza vikombe viwili vyangu. Watoto wakala kidogo huku wanasinzia, wakasema "asante baba" kwa sauti ile ya kumtembelea mgonjwa.

Asubuhi mke wangu akarudi kazini, akafunua sufuria. Mchele usiku kucha ulikunywa mchuzi wote, mwiko umesimama wima katikati bila kushikwa.

"Baba watoto, nani kapika bokoboko?"

Nikaangalia yale maboksi mawili juu ya friji. Nikamwambia, "Mimi."

Akapakua sahani. Halafu akafungua kabati, akatoa sukari.