Sabuni ikigeuka jeli: imeharibika au imeiva?

Kwa wanaotengeneza sabuni ya nazi na mwani Unguja, ubishi huanza saa moja au mbili baada ya uji kumwagwa kwenye boksi. Katikati hufanya kiza, hung'aa, na weupe huondoka: hiyo ndiyo jeli. Wapo wanaokimbilia kufunua, kupepea, hata kutia kwenye friji, wakiamini sabuni inaungua. Wapo wanaoifunika kwa mataulo izidi kupata moto.

Wa friji wana haki yao. Sabuni isiyopita jeli hubaki nyeupe pe, na weupe huo huuza. Ukitia tui au asali, sukari iliyomo hugeuka kahawia kwa joto. Harufu nyepesi, kama ya ndimu, hupungua. Na boksi likipata moto kupita kiasi, sabuni huumuka na kupasuka mgongoni.

Lakini kuiita jeli "kuungua" si sahihi. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, kwa hiyo molekuli hujipanga matabaka: maji, sabuni, maji, sabuni. Sabuni ikiwa baridi, mikia imeganda. Joto likipanda, aghalabu baina ya nyuzi 60 na 80, mikia hulegea na kuwa majimaji, huku matabaka yakibaki mahali pake. Hapo si kitu kigumu wala si kimiminika. Ni fuwele kioevu. Hata jina la kitaalamu la hali hii ya matabaka, smektiki, alilolitoa Mfaransa Georges Friedel mwaka 1922, asili yake ni neno la Kigiriki linalohusu sabuni. Ule ung'avu ni dalili tu kwamba chembe za fuwele zilizokuwa zikitawanya mwanga zimeyeyuka. Ikipoa, zinarudi.

Na katika hali hiyo kazi ya kugeuza mafuta kuwa sabuni huenda mbio. Mafuta yaliyosalia hujipenyeza kwenye mikia, kostiki soda, ile dawa kali inayoyageuza, imo ndani ya maji ya tabaka la jirani, basi vinakutana kwa wepesi. Sabuni iliyopita jeli huwa imekwisha kostiki karibu yote siku ya pili. Ile iliyozuiwa huweza kuuma ulimi kwa siku kadhaa, na juu yake mara nyingi hutoka unga mweupe. Unga huo ni magadi: kostiki iliyobaki imekutana na kaboni dayoksaidi ya hewani.

Baya kuliko yote ni jeli nusu, yaani duara jeusijeusi katikati na weupe pembeni. Haidhuru ngozi, lakini mnunuzi huikataa. Lawama hupewa taulo, na mara nyingi sababu ni maji. Chukua kilo 1 ya mafuta ya nazi. Ili yageuke yote huhitaji takriban gramu 183 za kostiki. Kwa sabuni ya kuogea, ukiacha asilimia 20 ya mafuta bila kugeuzwa isikaushe ngozi, gramu 146. Ukiziyeyusha kwa maji mara mbili, gramu 292, mikia hulegea kwenye joto la chini zaidi, na boksi la ubao lililofunikwa vizuri hulifikia hadi kwenye pembe. Ukibana maji hadi gramu 219 ili sabuni ikauke upesi, kiwango hicho hupanda. Katikati, penye moto mwingi, pataweza kukifikia, pembeni hapatafika. Duara ndiyo hilo, na taulo la pili halitalifuta. Kwa hiyo anayebana maji afanye hivyo kwa kusudi la kuzuia jeli, amwage kwenye vikopo vidogo vinavyopoa upesi. Anayetaka jeli asiyabane. Wala asizidishe sana: maji mengi na moto mwingi huchora mishipa ya giliserini, na kipande husinyaa kikikauka.

Kisha kuna mafuta ya karafuu, ambayo kwetu ni vigumu kuyakwepa. Sehemu yake kubwa ni yujenoli, ambayo yenyewe hushikana na kostiki, ikatoa joto na kuufanya uji mzito ghafla. Kuzuia jeli hapo, katika joto la Pemba na umeme unaokatika, ni kupigana na mafuta yenyewe. Gramu 10 kwa kilo ya mafuta ya nazi zatosha. Zichanganye kwanza na mafuta ya nazi kidogo, utie mwisho, uji ukiwa bado mwepesi na joto lake halijapita nyuzi 35, kisha umwage papo hapo.

Kama mafuta yako ni nazi tupu na sabuni imepita jeli, usiiache ilale. Ikate ingali vuguvugu, baina ya saa tatu na sita tangu kumwaga, kidole kikiacha alama bila kuzama. Ikipoa kabisa humeguka chini ya kisu.