Meneja, acha kuwadai watu suluhisho

Wiki hii nimeiona tena, safari hii kwenye slaidi ya mafunzo ya mameneja wapya, kwa herufi kubwa: "Usiniletee matatizo, niletee suluhisho." Karibu wote ukumbini walitikisa kichwa kukubali, na wengine waliipiga picha kwa simu. Mimi roho iliniuma. Katika ushauri wote wanaopewa wasimamizi wa kazi, sijaona mwingine unaosifiwa hivi huku ukiharibu mengi kiasi hiki.

Naelewa unakotoka. Meneja ana siku ndefu, kila anayefungua mlango ana lake, na kumwambia mtu afikiri kwanza kabla ya kuja ni njia ya kumkuza. Sawa. Wapo pia watu wanaokutupia mzigo mezani na kwenda zao, na hao lazima waambiwe. Lakini ni wachache, na unawajua kwa majina. Waite uzungumze nao. Kwa nini utunge sheria ya idara nzima kwa sababu ya watu wawili?

Fikiria anachosikia yule mwingine, mchapakazi, anayekuheshimu. Anapiga hesabu ya haraka: tatizo ninalo, suluhisho sina, basi ninyamaze hadi nilipate. Na mara nyingi hatalipata, kwa sababu halipo mikononi mwake. Tatizo analoweza kulimaliza mwenyewe alishalimaliza, wala hukusikia habari zake. Linalomfikisha mlangoni kwako ni lile lililomzidi: linahitaji fedha ambazo hana idhini nazo, au idara nyingine ambayo haimsikilizi, au picha kubwa ambayo wewe ndiye unayeiona. Hapo ndipo unapomwambia arudi akafikirie tena.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo karani wa ghala aligundua kwamba hesabu ya kompyuta haikubaliani na mzigo uliopo rafuni. Aligundua mapema sana. Alikuwa na daftari la mistari: safu ya kwanza kilichosomeka kwenye mfumo, ya pili kilichopo kweli, ya tatu tofauti yake, yote kwa penseli. Ukifunua kurasa, ile safu ya tatu ilikuwa inanenepa. Hakumwambia mtu. Wakaguzi walipokuja na mambo yakalipuka, meneja alimuuliza kwa ukali kwa nini alikaa kimya muda wote huo. Akajibu kwa heshima, macho chini: "Bosi, ulisema tusije mikono mitupu. Nilikuwa bado natafuta chanzo."

Chanzo kilikuwa kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ambayo yule karani hata nywila yake hakuwa nayo. Angetafuta mpaka astaafu. Na daftari lile, ambalo kwangu ndiyo kazi bora iliyofanyika pale mwaka ule, lilikaa ndani ya droo kwa sababu ya sentensi moja ya kikaoni.

Kwenye viwanda vya Toyota wamepanga mambo kinyume kabisa. Juu ya mstari wa kuunganisha magari kuna kamba, mfumo wanaouita andon. Fundi akiona kasoro anaivuta, taa inawaka, na kiongozi wa timu anamfuata pale pale alipo. Kama hawajaimaliza kabla gari halijafika mwisho wa kituo kile, mstari unasimama. Hakuna anayemuuliza fundi kama ana suluhisho kabla ya kuvuta. Kazi yake ni kuona na kusema. Kuleta msaada ni kazi ya kiongozi, tena kwa miguu yake.

Kisa cha Ford nacho kila meneja angepaswa kukijua. Alan Mulally alichukua uongozi wa kampuni hiyo mwaka 2006, ikiwa inaelekea kufunga mwaka na hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Akaanzisha kikao cha kila wiki ambapo wakuu wa idara walionyesha miradi yao kwa rangi: kijani mambo yako sawa, njano kuna wasiwasi, nyekundu kuna tatizo. Wiki za kwanza chati zote zilikuja kijani. Kampuni inavuja damu, na ukutani hakuna doa jekundu hata moja! Mulally aliwauliza waziwazi kama kweli hakuna kitu chochote kinachokwenda vibaya.

Ndipo Mark Fields, aliyekuwa anasimamia Amerika ya Kaskazini, akaja na nyekundu. Uzinduzi wa gari jipya, Ford Edge, ulikuwa umesimamishwa kwa hitilafu ya kiufundi, na jibu alikuwa bado hana. Chumba kilitulia. Waliokuwemo walidhani wanamuona mtu akijifukuzisha kazi. Mulally akapiga makofi, akamshukuru kwa uwazi wake, kisha akawageukia wengine: nani anaweza kumsaidia? Watu wakaanza kutoa majina ya wahandisi na uzoefu wa idara zao. Haikuchukua muda chati za wengine nazo zikaanza kupata rangi zake za kweli. Na Fields hakufukuzwa. Mwaka 2014 yeye ndiye aliyemrithi Mulally.

Naomba uone mpangilio wa mambo pale. Tatizo lilifika mezani likiwa halina suluhisho, na suluhisho likatoka kwa watu ambao mwenye tatizo asingeweza kuwaita peke yake. Sasa mtu akiniambia kwamba kudai suluhisho kunajenga uwajibikaji, namuuliza: kungemjenga nani siku ile?

Kuna mahali ambapo kimya kinagharimu zaidi ya fedha. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Ukungu ulikuwa mzito. Rubani mkuu wa moja ya ndege hizo, ya shirika la KLM la Uholanzi, mmoja wa marubani wenye heshima kubwa kabisa katika shirika lake, alikuwa ameanza kuruka bila ruhusa. Mhandisi wa ndege, nyuma yake, aliuliza kama ile ndege nyingine, ya shirika la Pan Am la Marekani, ilikuwa imeshatoka njiani. Aliulizia tu. Suluhisho hakuwa nalo, wala uhakika. Alikuwa na wasiwasi, na wasiwasi ule ndio uliokuwa sahihi. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imetoka, naye akaacha. Sababu za ajali ile ni nyingi, ukiwemo ukungu na mawasiliano ya redio yaliyoingiliana, lakini miaka iliyofuata sekta ya anga ilianza kuwafundisha marubani wakuu kusikiliza, na wasaidizi wao kusema na kurudia kusema. Walikubali kwamba cheo kinaweza kuziba masikio.

Ofisini kwako hakuna ndege. Lakini yupo mtu nyuma yako ambaye ana swali.

Mtafiti Amy Edmondson wa Harvard aliwahi kuchunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia timu zenye ushirikiano mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikamletea kinyume: timu nzuri zilionyesha makosa mengi zaidi. Alipochimba akaona sababu inayoelekea zaidi kuwa kweli: katika timu zile watu walikuwa huru kuyataja makosa, na kwingine yalikuwa yanafichwa. Meneja anayejisifu kwamba idara yake haina matatizo anapaswa kulala na jambo hilo usiku kucha. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Najua ushauri wa uongozi ni mwingi. Sifu hadharani, karipia faraghani: sawa, fanya. Kabidhi kazi pamoja na mamlaka yake: ndiyo, hasa mamlaka. Fika kwa wakati kwenye vikao vyako mwenyewe. Yote ni mazuri, lakini hayana kazi kubwa kama habari hazikufikii, kwa sababu utakuwa unaongoza idara ambayo haipo.

Kwa hiyo mtu akija na habari mbaya, angalia unavyofanya kabla hata hujasema neno. Ukiguna, ukikunja uso, ukiendelea kutazama skrini, ameshajibiwa, na kabla ya jioni ofisi nzima itakuwa na jibu hilo. Geuka umtazame. Mshukuru, umaanishe. Halafu muulize alichokiona, tangu lini, na tuna muda gani kabla halijawa baya zaidi. Swali la "nani kafanya hivi?" liweke kando kwanza, ukianza nalo, kila atakayefuata atakuja akiwa ameshajitafutia utetezi. Muulize pia yeye anafikiriaje, na hapo ndipo unapomkuza yule unayetaka kumkuza. Kumuuliza mtu mawazo yake ni tofauti kabisa na kumtoza mawazo kama kiingilio mlangoni. Na ukiahidi kulifuatilia, lifuatilie, umrudishie majibu hata kama jibu ni kwamba haitawezekana. Watu hawachoki kukataliwa kama wanavyochoka kupuuzwa.

Kama ile sentensi umeshaitumia, na wengi mmeitumia kwa nia njema kabisa, ifute mbele ya watu walewale uliowaambia. Sema waziwazi kwamba kuanzia leo mtu anaweza kuja na tatizo tupu, likiwa bado mapema, hata kama hana uhakika. Usitegemee foleni kesho yake; kwa muda watakutazama tu. Kisha mmoja atakuja na jambo dogo, printa au zamu iliyogongana, kukupima. Lishughulikie siku hiyohiyo.